Mwalimu Aliyebeba Do Kichwani

Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa na filimbi ya kutolea sauti, wala kinanda, wala kile chuma chenye meno mawili ambacho walimu wengine hukigonga kwenye goti na kukisogeza sikioni. Alikuwa na kichwa chake. Karatasi ya wimbo ikiwa imeandikwa juu kwamba do ni G au do ni F, aliitazama mara moja, akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza maji yanayopita chini ya ardhi, kisha akaimba kwa sauti ndogo: "Dooo." Hapo sauti zote nne zilishika mahali pake na wimbo ukaanza. Katika miaka minne niliyosoma pale, sikumwona hata siku moja akiitafuta mara mbili.

Shule ilikuwa nje kidogo ya mji wa Njombe, kwenye mteremko wa miti ya misindano, mahali ambapo ukungu wa Juni uliingia darasani bila hodi na kukaa na sisi mpaka saa nne. Kwenye ratiba yeye alikuwa mwalimu wa Historia. Kwaya haikuwemo kwenye ratiba. Lakini ukimuuliza mtu yeyote sokoni habari za mwalimu wa Historia, alikutazama tu. Ukisema mwalimu wa kwaya, alikuonyesha nyumba.

Mimi nimekuwa mtu wa njiani kwa muda mrefu. Nimeishi Tunduma, nimeishi Kahama, nimekaa Songea misimu miwili, nimesafiri na malori ya mbao mpaka nimechoka kuhesabu vituo. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nikataja Njombe, hunijibu kwamba kule kuna baridi. Mimi nikitaja Njombe naisikia sauti ya mtu huyu. Na kuna jambo nililomfanyia, mbele ya watu, siku tuliyokwenda Iringa. Kwa miaka mingi nilikuwa naliita kusema kweli.

Hakuweza kupita karibu na kitu kinacholia bila kukigonga. Mlango wa chuma, ndoo, kikombe cha bati, ubao mbichi uliotoka kupasuliwa, vyote alivigonga kwa kidole cha kati kilichokunjwa. Siku moja nilimbebea kapu sokoni. Alisimama kwenye meza ya sufuria, akaanza na ndogo, akapanda, akashuka. Mama mwenye meza alimwacha afike kwenye ya sita ndipo akasema:

"Mwalimu, unanunua au unapiga ngoma?"

"Nasikiliza tu, mama. Hii hapa ni la. Ile kubwa inajifanya fa, lakini bado."

"Basi chukua hiyo la ukapikie ugali. Mke wako ataimba."

"Mke wangu ana sufuria za kutosha."

"Na wewe una vidole vya kutosha. Ondoka, unanifukuzia wateja."

Aliondoka akicheka, na baada ya hatua tano akagonga ndoo ya mtu mwingine.

Majina yetu hakuyajua, au hakuyataka. Alituita kwa sauti zetu. Rafiki yangu Osmundi, kijana mrefu mwenye sauti nzito kama ya mtu mzima, alikuwa Sauti ya Nne. Mimi nilikuwa Sauti ya Tatu wa mstari wa mbele. Baba yangu alipokuja shuleni kuuliza maendeleo yangu, akanitaja kwa jina na kwa jina la ukoo, mwalimu alikunja uso kama mtu aliyeulizwa habari za wilaya nyingine. Baba alipoonyesha kwa mkono urefu wangu na kovu la shavuni, uso ukafunguka. "Aa, yule! Mzee, huyo hana shida. Hashuki." Baba alirudi nyumbani akamwambia mama kwamba sishuki, na wote wawili wakakaa wakijiuliza nisishuke kutoka wapi.

Kutoshuka ndiyo ilikuwa sifa kubwa aliyoweza kumpa mtu. Kwaya isiyo na kinanda huanza mahali pazuri, na ubeti kwa ubeti inateremka bila mtu kujua, kama gari lililoachwa bila breki kwenye mlima mdogo. Mwalimu alitaka katikati ya kundi awepo mtu mmoja wa kuishika ile do ya mwanzo asiiachie. Alinichagua mimi. Baada ya kila wimbo aliniuliza, "Tulishuka?" Nilisema hapana au ndiyo, na neno langu lilikuwa la mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna mtu mzima mwingine duniani aliyekuwa akiniuliza kitu na kukubali jibu.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na mahali pake. Ukikosea sauti, alisema "tena" na mkaanza upya, hata mara ishirini. Hakuinua fimbo kwa sababu hiyo. Lakini mtu mmoja akikosea na mwingine akacheka, hapo zoezi lilisimama. Aliyecheka alitoka nje kwenye ukungu, akasimama huko mpaka mwisho. Msichana mmoja alilia akisema kucheka kulimponyoka tu. Mwalimu alimjibu kwa upole kabisa, "Nawe utaponyoka mlangoni hivyo hivyo."

Mambo yake mengine hayakukaa sawa. Alituhubiria dhidi ya ulanzi, kwamba pombe ile ya mianzi inalegeza koo na kwamba mwimbaji mlevi ni kengele iliyojazwa matope. Msimu wa mvua ulipofika, mianzi ikaanza kutoa, tulimwona jioni akitoka kwa jirani na jagi lenye mfuniko, amelifunika tena kwa kitambaa, anatembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alikuwa Mlutheri wa kizazi na kizazi, lakini kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda misheni ya Wakatoliki kuwafundisha kwaya watu wa kule. Osmundi, ambaye nyumbani kwao walikuwa Wakatoliki, alimuuliza kama mchungaji hakasiriki. "Do haina dhehebu," akasema, akapanda baiskeli.

Na mtu huyu aliyeishi kwa sauti alikuwa na binti mmoja tu asiyeweza kuimba hata neno. Si utani. Binti alipojaribu, wimbo ulikwenda huku na yeye kule. Alikaa nyuma ya chumba cha mazoezi akifuma masweta ya sufu, na kila baada ya muda mwalimu aligeuka kumtazama. Hakumwambia aimbe, hakumwambia anyamaze. Nadhani hakuna mtu aliyempenda kuliko huyo.

Sifa zake zilivuka wilaya. Walimu wa kwaya walikuja kutoka pande za Tandala, walikuja kutoka Mawengi, wakiwa na wimbo wa harusi au wa Pasaka mkononi, kuchukua do. Mmoja wa Mawengi alipewa do yake asubuhi, akapanda lori kurudi kwao huku akiivumisha puani, hajibu mtu. Watu walimsalimia "Kamwene", yeye akaitikia kwa kichwa tu, mmmm, mmmm. Kwenye gari walidhani amefiwa. Mama mmoja alimshika bega, akampa pole, akaanza kulia naye. Jamaa akafika Mawengi na do yake nzima nzima, na kanga ya mama yule mabegani. Mwalimu alipokisimulia kisa hiki alifuta machozi ya kicheko. Lakini nilimwona pia akinyooka mgongo. Nchi nzima ile ya juu, kanisa kwa kanisa, ilikuwa inaimba kutoka kichwani mwake.

Safari ya Iringa aliipigania miaka miwili. Alikuwa amesikia kwamba pembezoni mwa mji ule kuna kiwanda cha ala za muziki, kinachotengeneza magitaa, marimba na ngoma, na alitaka tuone sauti inavyozaliwa kwenye mbao. Mkuu wa shule hakuona sababu ya kupeleka basi la wanafunzi kuangalia maseremala. Ndipo mwalimu akaiunganisha na Historia: mji wa kale wa Iringa, boma la Wajerumani, na Kalenga, ngome ya mtawala wa Wahehe aliyekataa kuwapigia magoti. Mkuu akakubali. Kwa wiki tatu mwalimu aliandika maelezo ya Kalenga kwenye karatasi ndefu, mbele na nyuma, na jioni tulifanya mazoezi ya wimbo mmoja tu wa kuwaimbia watu wa kiwandani kama shukrani. Do ni G.

Tuliondoka alfajiri. Alivaa suti ya kahawia, na ndani yake sweta alilofumiwa na binti, hivyo mikono ya koti ilimbana akawa kama mtu aliyefungashwa. Makambako tulisimama kunywa chai. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni, madereva wanapasha injini moto, wanapiga honi, na yeye katikati ya barabara na kikombe mkononi akizitaja. "Mi! Ile ni mi! Ile nyingine ni re yenye kikohozi!" Kondakta wetu alimvuta koti asigongwe. Sijamwona tena akiwa na furaha ya namna ile.

Kiwandani kulinuka gundi na vanishi. Magitaa yasiyo na nyuzi yalikuwa yamening'inia darini kama nyama buchani, mtu mmoja anapiga msasa shingo ya gitaa, mwingine anawamba ngoma. Fundi mkuu alikuwa mtu mfupi aliyechomeka penseli kwenye nywele. Alichukua kipande cha mninga akakigonga, akatuambia tusikilize. Mwalimu naye akakigonga. Fundi akachukua kingine, mwalimu akakigonga kabla hajaambiwa. Ndani ya dakika kumi wawili wale walikuwa wanatembea bega kwa bega wakigonga mbao, wametusahau.

"Hii ni la," mwalimu alisema.

"Karibu na la," fundi akasema, akatabasamu, akapita.

Mwishoni tulijipanga uani. Mwalimu akafumba macho, akainamisha kichwa, akatoa do, tukaimba. Naweza kuapa hatujawahi kuimba vile. Mafundi waliweka vyombo chini mmoja mmoja. Tulipomaliza ubeti wa kwanza, fundi mkuu, kwa furaha, alishusha gitaa lililokuwa limekamilika asubuhi ile, akaonyesha kwa mkono tuendelee, naye akaingia kutufuata.

Gitaa na sisi tukagongana. Sina neno lingine. Lilikuwa kama jino linalouma. Tukasita, tukaanza tena, likauma tena. Fundi akaweka kiganja kwenye nyuzi.

"Samahani, Mwalimu. Do ni nini hapo?"

"G."

"G?" Akapiga G. Akatuomba tutoe do. Tukaitoa. Akapiga tena.

"Gitaa lako limepanda," mwalimu akasema.

"Inawezekana." Fundi alikuwa mstaarabu. Akaleta kimashine kidogo chenye mshale, akapima gitaa, mshale ukasimama katikati. Akaleta gitaa jingine. Akaleta marimba. Mwisho vijana wake wakaburuta kinanda cha umeme mpaka uani. Vyote vilikubaliana, na vyote havikukubaliana na sisi.

Mwalimu alianza kutoka jasho, na Iringa ile asubuhi ilikuwa baridi. "Basi ni watoto," akasema. "Wameshusha. Wameamka saa tisa, wana njaa." Akageuka, akanitafuta kwenye mstari wa mbele. "Sauti ya Tatu, wewe hushuki. Waambie. Tulishuka?"

Nimeirudia dakika ile kwenye vitanda vya gesti nyingi. Ningesema, ndiyo Mwalimu, tulishuka. Tungelaumiwa wanafunzi arobaini, tungepanda basi, na mpaka kufika mjini tungekuwa tumesahau. Lakini mafundi wote walikuwa wananitazama. Fundi mkuu naye alinitazama, akinitikisia kichwa kidogo, kama fundi anavyomtikisia fundi mwenzake. Nikajiona mkubwa.

"Hatukushuka, Mwalimu," nikasema. "Ni ile ile uliyotupa."

Kisha nikacheka.

Osmundi akacheka na lile besi lake, na baada ya Osmundi wakacheka wote. Fundi alikuwa wa kwanza kuona, akainua mikono. "Ni nusu tu, Mwalimu! Nusu sauti, si kitu! Kwaya nyingi ziko hivyo!" Kwake kweli haikuwa kitu. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa. Akasema, "Tumejifunza. Tunashukuru sana." Akatutangulia kwenda kwenye basi. Hakumtoa mtu nje. Tulikuwa nje tayari.

Mjini alitembea nyuma yetu badala ya mbele. Boma tulilizunguka wenyewe. Kalenga, mahali alipopaandikia karatasi nzima, ngome imebaki matuta ya udongo ambayo huwezi kuyaelewa bila mtu wa kukueleza, na huyo mtu alizitoa zile karatasi mfukoni, akampa msichana wa karibu. "Soma wewe, mama." Msichana alisoma kama anavyosoma tangazo, bila kituo, habari za mizinga na kuta na mtawala aliyechagua kufa kuliko kukamatwa. Mwalimu alikaa juu ya tuta, amepakata mikono. Mlinzi alinisogelea akaniuliza, "Mwalimu wenu anaumwa?" Nikasema ni uchovu.

Kwenye basi Osmundi alinong'ona, "Wewe, ulikuwa unacheka nini?"

"Na wewe je?"

"Mimi nilicheka kwa sababu wewe umecheka. Nilidhani kuna kitu."

Mtu mmoja nyuma akasema tuimbe, maana safari ya kurudi bila wimbo ni kama kutoka msibani. Tukamwomba mwalimu do. Alikuwa kiti cha mbele, hakugeuka. "Anzeni tu," akasema. Tukaanza tu. Kila mtu alianza kwake, ikawa vurugu, wachache wakacheka kidogo wakaacha. Kabla ya kufika Mafinga basi lilikuwa kimya, na kimya hicho tulikwenda nacho mpaka Njombe.

Muhula uliofuata shule ilipata kinanda kidogo cha umeme. Mwalimu alibonyeza kitufe, akatazama dirishani wakati sisi tunaichukua sauti. Siku umeme ulipokatika, zoezi halikuwepo. Walimu wa vijijini waliokuja na nyimbo zao aliwaambia wanunue filimbi. Yule wa Mawengi alikataa kuondoka, akakaa barazani mpaka mchana. "Filimbi naijua, Mwalimu. Mimi nimekuja kwako." Aliondoka bila kitu. Kufikia mwaka wangu wa mwisho, kwaya ilikuwa chini ya mwalimu mwingine, na mwalimu wetu alibaki na Historia yake, na mikono mfukoni. Sokoni alipita kati ya sufuria kama mtu mwingine yeyote.

Nami niliacha kuimba. Sikula kiapo. Kila nilipofungua mdomo kanisani nilisikia kwanza kicheko changu, na baada ya hapo hakuna wimbo uliokuja. Nikaanza kuchelewa kanisani, halafu kutokwenda, halafu nikaanza safari.

Mwaka jana mwezi wa tano lori letu liliharibika Makambako, na kifaa kilikuwa kinatoka Dar. Nikawa na siku tatu za kuzunguka. Nyuma ya mtaa wa gesti nilikuta mama ametandaza masweta ya kufuma juu ya turubai. Nilichagua moja, akanitazama kovu.

"Wewe si ulikuwa kwaya ya baba?"

Nilimwita dada, nikamsalimia. Akaanza kukunja masweta. "Twende. Yupo kwangu tangu mama alipofariki. Twende tu, hana wageni."

Alikuwa amekaa ukutani upande wa jua, blanketi magotini, amekuwa mdogo. Nikapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Mwanafunzi wako. Sauti ya Tatu."

Alinigeuzia uso. "Wa Iringa," akasema.

"Wa Iringa, Mwalimu."

Binti akaleta kigoda, akaingia ndani kuchemsha chai. Nilikuwa nimebeba maneno kwa miaka zaidi ya ishirini na tano, lakini yeye alitangulia. Aliongea taratibu, kama anayefundisha kipindi.

"Tuliporudi nilikwenda kule usharikani nilikokulia, kwenye kile kinanda cha zamani cha kupampu kwa miguu. Do yangu niliitoa pale nikiwa kijana. Nikabonyeza. Ilikuwa ile ile ya kwangu. Nikasema, basi nilikumbuka vizuri. Nikakifungua nione. Kumbe vinanda vile vingine, ubao wa vitufe umetengenezwa usogee. Unausogeza kidogo, wimbo wote unashuka kuwafaa wenye sauti nzito. Nacho kilikuwa kimesogezwa, kikapigiliwa misumari miwili."

"Nani alikipigilia?"

"Mimi." Alitazama vidole vyake. "Mchungaji alisema vitufe vinacheza, viimarishwe. Nilikuwa kijana mwenye nyundo. Nikaviimarisha."

Sikujua nicheke au nilie, na kucheka sikuthubutu.

"Nikaing'oa misumari," akaendelea. "Jumapili wamama wakashindwa kuimba. Wakalalamika kwa mchungaji kwamba Mungu amepanda juu. Wakaniomba nirudishe. Nikapigilia tena."

"Kwa nini hukutuambia, Mwalimu? Sikio lako lilikuwa zima."

"Ningewaambia nini? Mlikuwa mmeshacheka."

Nikamwambia niliyotaka kumwambia. Kwamba mimi ndiye niliyeanza. Kwamba kweli ilikuwa kisingizio tu.

"Kweli uliisema vizuri," akasema. "Nilikuuliza, ukajibu. Kucheka ndiko sikukufundisha."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilikusamehe kule kule, kabla hatujapanda gari. Hiyo haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kufungua mdomo tena, na hiyo ilinishinda." Alivuta blanketi. "Lakini nilijiambia jambo moja. Nikasema, yule mtoto ana sikio, na haogopi mtu. Mimi nimefika mwisho, yeye ataendelea. Redio ikipiga kwaya ya mahali fulani nasema, huenda ni yule. Siku hizi unaimba wapi?"

Binti alikuwa mlangoni na vikombe. Akasimama.

Safari hii hakukuwa na fundi wa kunitikisia kichwa.

"Tunduma, Mwalimu. Kwaya ya usharika."

"Bado sauti ya tatu?"

"Bado."

"Mko wangapi?"

"Kama thelathini."

"Mna kinanda?"

"Hatuna. Do natoa mimi."

"Kwa kichwa?"

"Kwa kichwa."

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yake yakiwa na ukungu, na sikuweza kujua anaona nini. Kisha akasema, "Vizuri," akapokea chai yake kwa mikono miwili. Tukaongea mengine, parachichi zilivyochukua mashamba ya viazi, baridi iliyowahi mwaka huo, Osmundi aliyehamia Songea. Saa nzima nilikaa pale na do nisiyokuwa nayo, nikisubiri aniambie niitoe, aisikie. Hakuniambia.

Jua lilipoondoka ukutani nikaaga. Alisimama, akakataa kushikwa, akanisindikiza mpaka kwenye kona ya uzio. Aliushika mkono wangu kwa viganja vyote viwili.

"Wasalimie hao thelathini," akasema.

"Salamu zitafika, Mwalimu."